MJADALA: Gemu inapotuonesha Thermopylae, wale Wathespia 700 wako wapi?

Mleta mada:
Wakuu, naomba tujadiliane kwa hoja. Assassin's Creed Odyssey, gemu ya Ubisoft iliyotoka 2018, inaanzia kwenye njia nyembamba ya Thermopylae, Ugiriki, mwaka 480 KK. Unacheza kama Leonidas, mfalme wa Sparta, mkuki mkononi, ukipambana na jeshi la Xerxes wa Uajemi. Kazi ya picha ni safi, hilo silipingi. Kinachoniuma ni sifa zote kwenda kwa Wasparta 300, kama kawaida. Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, anaeleza kwamba Waajemi walipozunguka kwa njia ya mlimani, Leonidas aliwaruhusu washirika wengi waondoke. Wathespia 700, watu wa Thespiae waliokuwa chini ya Demophilus, wakakataa, wakafia palepale. Thespiae ulikuwa mji mdogo. Xerxes akaja kuuchoma moto, na mwaka uliofuata, kwenye vita vya Plataea, wanaume 1,800 wa mji huo walifika wakiwa hawana silaha nzito. Kampuni inayouza kwa jina la historia haiwezi kuwapita watu kama hao.

Mchangiaji 1:
Mkuu, sikubaliani nawe. Gemu ni burudani. Kisa chenyewe kinahusu vita vya Peloponnese, kati ya Athens na Sparta, kuanzia 431 KK. Leonidas yumo kwa sababu mhusika mkuu ni mjukuu wake. Na huyo Herodotus unayemtegemea anasema Xerxes alikuwa na askari wa miguu 1,700,000. Wanahistoria wa leo hawaikubali hesabu hiyo. Yeye alitia chumvi, watengeneza gemu wakatazwe?

Mleta mada:
Alitia chumvi kwenye idadi ya adui, ndiyo. Waliokufa hakuwaficha. Hayo ni makosa mawili tofauti, na la kuwaficha ndilo zito.

Mchangiaji 2:
Mimi nafundisha historia, na naitetea gemu kwa upande mmoja: mahali. Leo ukisimama Thermopylae huelewi watu wachache waliwezaje kuzuia jeshi zima, maana mto Spercheios umemwaga tope karne kwa karne na bahari imesogea mbali kwa kilomita kadhaa. Zamani mlima ulikuwa huku, maji kule, na katikati pembamba kabisa pakipita gari moja la kukokotwa. Mwanafunzi akiiona nafasi hiyo kwa macho, nusu ya somo imeisha. Mwaka 2019 Ubisoft walitoa hata Discovery Tour, ambamo unatembea Ugiriki ya kale bila kupigana. Ila mwalimu awepo. Mtoto akisikia Sparta ilipigania uhuru, aambiwe pia kwamba Sparta hiyohiyo iliishi kwa jasho la Waheloti, watu iliowafanya watumwa mashambani.

Mchangiaji 3:
Tusiwabebeshe watengeneza gemu lawama zote. Pale penye uwanja wa vita, mnara wa Leonidas ulisimamishwa 1955. Wa Wathespia ulikuja 1997. Wagiriki wenyewe walichelewa miaka 42.

Mleta mada:
Umenisaidia, ndugu yangu. Kama hata nyumbani kwao walisubiri hivyo, basi gemu inayoingia kwenye nyumba za mamilioni ya vijana ina kazi kubwa kuliko mnara. Siombi somo refu. Demophilus apewe sura, jina na maneno yake, asimame kando ya Leonidas akisema watu wake hawaondoki. Anayeona hilo lingeharibu mchezo aje atueleze lingeuharibu vipi.