Eti "kamfuate Argentina"! Huyu jamaa tumemchekea sana humu

Mwananchi wa Mbagala:
Wakuu habari za jioni, japo kwangu si nzuri. Klabu yetu Yanga leo 15 Novemba 2024 imetoa taarifa, kocha Gamondi, yule Muargentina, kaondoka na msaidizi wake Ndaw, haya, timu ina wenyewe. Mimi shida yangu leo ni mtu mmoja tu. Simtaji, mnamjua, yule mchambuzi wa kujiteua anayetuandikia aya kumi kila baada ya mechi na mishale juu. Nimeandika maneno mawili tu kwenye ule uzi wa taarifa, "asante master, umetuheshimisha", kaja mbiombio kunijibu "unayelia kamfuate Argentina, nauli nakuchangia".

Kamfuate Argentina! Mimi! Niliyekaa juani kwa Mkapa mpaka shingo ikabadilika rangi naambiwa na mtu anayeangalia mpira kwa simu ya shemeji yake nimfuate kocha Argentina!

Huyu huyu tarehe 5 Novemba mwaka jana tulipompiga Mnyama Simba 5-1 aliweka sura ya Gamondi kwenye avata, akaapa humu kwamba mtoto wake wa kiume ataitwa Miguel. Tulipompiga Belouizdad ya Algeria 4-0 tukaingia robo fainali ya Afrika akasema mzee ajengewe sanamu pale Jangwani. Leo hata taarifa sijamaliza kuisoma naona avata ishabadilika, kuna sura ya kocha mpya Mjerumani ambaye hata geti la kambi yetu ya Avic halijui, na jina lenyewe Ramovic kalikosea, kaandika "Romavic". Mtu huyu angekuwa kwenye safina angemtosa Nuhu siku ya pili ya mvua.

Mechi nane za ligi tumeshinda zote bila kuruhusu hata goli moja. Nane! Tukafungwa na Azam 1-0, beki wetu Bacca kala nyekundu mapema tukacheza pungufu karibu mechi nzima, halafu Tabora United wakatupiga 3-1 Bacca akiwa jukwaani, basi kocha hafai. Mechi mbili. Sikatai tumefungwa vibaya, ila mwenye uchungu akisema asante unamwambia kamfuate Argentina? Nauli unachangia na nini wewe, deni la vocha umelipa?

Jangwani Damu:
Hahahaa mkuu "Romavic" nimeiona na mimi, nimepiga skrini shoti kabla hajaifuta.

Dada wa Temeke:
Kaka yangu pole. Mimi aliniambia ligi ya wanawake sio mpira, tangu siku hiyo nikiona jina lake napita kama sijaona. Huyo anashangilia matokeo, timu hajawahi kuipenda.

Mzee wa Kati:
Mleta uzi una hasira lakini hoja huna. Simba tumeshinda 1-0 kwa goli la kujifunga, Coastal 1-0, Singida 1-0, kila mechi tunapumulia mashine, mabeki wanaachwa wazi ukisema unaitwa kolo, shabiki wa Simba. Tabora wamemalizia tu. Na tarehe 26 kwenye makundi ya Afrika anakuja Al Hilal ya kocha Ibenge, ulitaka tusubiri mpaka tupigwe makundi yote ndio tushtuke?

Mwananchi wa Mbagala:
Mzee wangu heshima yako, ila soma vizuri, mimi sijaja kubishana kafukuzwa kihalali au la. Nimeambiwa KAMFUATE ARGENTINA. Wewe ungeambiwa hivyo na mtoto mdogo ungenyamaza?

Mzee wa Kati:
Mie ningechukua hiyo nauli.

Lunyasi wa Tabata:
Utopolo nyie wa Yanga mnachapana humu raha sanaaa. Ngoja niwakumbushe, mwaka jana sisi Simba baada ya zile tano tulimtimua kocha wetu Robertinho hata siku tatu hazijapita, mkatucheka mwezi mzima eti hatuna uvumilivu, timu haina mipango. Leo mnalia nini? Ubaya Ubwela.

Jangwani Damu:
Kolo kaa kimya, huyo Gamondi kakufunga mara nne mfululizo, kila akikuona anakufunga, wewe leo ndio ulitakiwa uchinje mbuzi.

Lunyasi wa Tabata:
Na Ngao ya Jamii ya 2023 Tanga mbona huitaji? Penalti mlipiga kama mnaogopa kuumiza mpira.

Mnyamwezi Halisi:
Mimi natokea Tabora naomba niseme neno. Tatu moja, tena pale pale Chamazi kwenu. Tangu siku hiyo sijasoma sehemu yoyote watu wakisema Tabora tulicheza vizuri, wote ni Bacca hayupo, kocha kachoka, wachezaji wamegoma. Kwani sisi tulikuja kuokota kuni? Timu za mikoani zikishinda ni ajali, zikifungwa ni kawaida, hii dharau imetuchosha jamani.

Dada wa Temeke:
Hapo nakuunga mkono. Mlitukimbiza haswa.

Mwananchi wa Mbagala:
Mnyamwezi hongereni, ila tusihame. Huyu mtu yuko mtandaoni saa hizi namwona, kanyamaza, uzi anausoma. Jitokeze urudie hapa mbele ya wakubwa, nimfuate nani wapi?

Chamazi Boi:
Si mlisema Azam ni timu ya matajiri haina mashabiki, leo kocha kafukuzwa kwa sababu yetu. Ila kwa fainali ya kombe la FA pale Amaan ya mwezi wa sita ile mliyotutoa kwa penalti mimi bado nina kinyongo, nilipanda boti kwenda Zanzibar nikarudi natapika njia nzima.

Kibanda Namba Moja:
Nyie mnalilia kocha, mimi mwenye kibanda umiza naumia zaidi. Siku ya Tabora watu wametoka kabla ya dakika ya tisini wanadai warudishiwe hela zao, mmoja kapiga teke benchi limevunjika. Benchi nani analipa, Gamondi au Tabora? Na umeme nao ulikata mara mbili, jenereta inakula mafuta, kiingilio nikipandisha mnanitukana.

Jangwani Damu:
Kibanda wewe tv yako wachezaji wote wana rangi ya kijani, hata Simba wanaonekana Yanga. Rudisha hela za watu.

Mzee wa Kati:
😂😂 hilo la kijani ni kweli.

Lunyasi wa Tabata:
Kocha aliwaingiza makundi ya Afrika mara ya kwanza tangu 1998 akawafikisha robo, shukrani yake ndio hiyo. Na hiyo robo si mlitolewa na Sundowns ya Afrika Kusini bila kufunga hata goli moja mechi mbili?

Jangwani Damu:
BILA KUFUNGA? Wewe lile la Aziz Ki pale Pretoria lilikuwa nini? Mpira umegonga mwamba ukadundia ndani kabisa!

Chamazi Boi:
Haukuvuka wote.

Dada wa Temeke:
Ulivuka kaka. Mimi niliusimamisha kwenye simu nikaukuza mpaka nyasi nikaziona.

Mzee wa Kati:
VAR iliangalia sekunde mbili ikasema endeleeni. Mimi siku ile sijala.

Lunyasi wa Tabata:
Mstari umeuona wewe wa kwenye simu, refa wa pale pale hajauona.

Mwananchi wa Mbagala:
Kolo usitake tuanze upya. Mpira uliingia wote, kivuli chake kilikuwa upande wa nyavu, nina picha tatu kwenye simu nazipandisha sasa hivi, subirini bando likubali.