Mwanamke akipenda mabasi lazima awe na bwana dereva?

Wakuu, habari za usiku. Nimetoka kazini nimechoka, lakini silali mpaka nimelisema hili.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nina mume na watoto wawili, na napenda mabasi. Sisemi napenda kusafiri. Napenda mabasi yenyewe. Tangu ya mikoani yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, naamka saa nane nikisikia mngurumo barabarani, najua hii Scania, hii ya Mchina, nalala tena.

Jumamosi nilimsindikiza mdogo wangu stendi. Ikaingia Scania mpya, bodi ya Marcopolo, viti bado vina nailoni. Nikatoa simu. Picha ya tatu, mlinzi huyu hapa.

"Dada, unapiga picha nini?"

"Kaka, napiga basi."

"Basi tu? Au bwana'ko ndiye dereva, umekuja kumfumania?"

Wapiga debe wakaangua kicheko. Mmoja akadakia kwamba mimi mchepuko wa konda. Mlinzi akasimama juu yangu nifute picha moja moja, na hakuishia za siku ile. Alinirudisha nyuma mpaka za mwaka juzi. Humo kulikuwa na F94, Scania ya zamani iliyokuwa ikienda Songea, ambayo ilishakatwa ikauzwa chuma chakavu. Ile siipati tena popote.

Hatua tano kutoka nilipo, kijana mmoja alikuwa anarekodi video ya basi lilelile, mguu mmoja kaweka kwenye ngazi ya mlango. Hakuna aliyemuuliza lolote.

Habari zikafika kwa wifi yangu kabla mimi sijafika nyumbani. Kampigia kaka yake, "mkeo anazurura stendi." Mume wangu ananijua, hakuwa na neno. Mama mkwe ndiye kaitisha kikao. Kikao, wakuu, nimeketishwa mbele ya watu wazima nieleze kwa nini nilipiga picha basi!

Nimekulia Ruaha Mbuyuni. Mama aliuza vitunguu barabarani, na sisi watoto tulikimbilia madirishani kila basi likisimama. Yaliyokuwa yametoka Mbeya na Iringa yalifika yameshashuka mlima Kitonga, na mengi yalinuka breki, ile harufu kali ya kuungua inayokaa puani. Halafu linakuja moja halinuki kabisa. Hapo ulijua huyu dereva kashuka kwa gia mlima mzima, mguu wa breki kautumia kwa adabu. Nilikuwa na miaka tisa, nalijua hilo bila kufundishwa na mtu, na siku hizo nilikuwa namwangalia dereva kama huyo kwa heshima niliyompa padri.

Wanaoniita mshamba ndio hao hao wanaosema "injini ya Marcopolo". Marcopolo ni Wabrazili, wapo tangu 1949, wanajenga bodi. Chini yake unakuta Scania, Volvo au Benz. Yutong wa Zhengzhou ndio wanaojenga basi lao zima. Na Scania yenye herufi K injini iko nyuma, F iko mbele, ndiyo maana kwenye zile F za zamani aliyekaa karibu na dereva alishuka miguu imechemka. Haya nimeyauliza kwa mafundi, nimeyaandika kwenye daftari miaka na miaka. Shemeji yangu anakesha na usajili wa wachezaji wa Ulaya ambao hatawaona maishani, na kikao hajaitiwa.

Kama kupiga picha stendi ni kosa, bandikeni tangazo ukutani tulisome sote, mwanamume na mwanamke. Kama si kosa, yule mlinzi hakuwa na haki hata kidogo ya kugusa picha zangu.

Na mwenye picha ya ile F94 ya Songea, nyeupe yenye mstari wa kijani ubavuni, naiomba aiweke hapa. Hata iwe ya kutikisika.