Mmisionari mgeni ugenini, moyo umekauka, naombeni ushauri

Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri maana nimekwama kweli. Nina miezi minane niko kwenye umisionari nchi ya watu, lugha bado inanipiga chenga, nikihubiri lazima awepo mkalimani na kuna siku naongea sentensi ndefuuu yeye anatafsiri maneno matatu tu, watu wanacheka na mi sijui wanachekea nini 😅 ila hilo navumilia.

Kinachonisumbua ni maombi. Kabla sijaja nilikuwa naweza kukesha naombea watu, sasa hivi nikipiga magoti moyo mkavu kabisa, nasema amina naenda kulala. Afu naogopa kumwambia mchungaji aliyenituma maana kila ripoti anauliza wangapi wameokoka, hajawahi kuuliza mi nikoje.

Jingine, wenyeji wananialika kwenye misiba na matambiko yao. Nikikataa wanaona nawadharau, nikienda dhamiri inanisuta. Paulo kwenye 1 Wakorintho 9 anasema amekuwa hali zote kwa watu wote, sawa, lakini sura ya 10 hapohapo anaonya kuhusu meza ya mashetani, sasa mpaka unaishia wapi jamani? Kukaa na wafiwa naona sawa, ila ikifika sehemu ya kuwaita wazee waliokufa sijui nitoke nje au nikae kimya.

Mliopitia haya mlifanyaje? Mlimwambia nani ukweli? Na tafadhali msiniambie niombe zaidi, hapo ndo penye shida yenyewe.