Maneno ya Kiingereza yanayokaa jirani kwenye kamusi: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni kutoka Dodoma.

Nina steshenari hapa mjini: kutoa kopi, kuprinti, kuchapa barua na ripoti za wanachuo. Tangu wizara zihamie huku, wanaokuja na barua za kuomba kazi wameongezeka sana, na wengi wana kazi yao tayari kwenye flashi. Kinachoniuma ni kosa lililo juu kabisa ya ukurasa kupita bila mtu kuliona. CV inaanza kwa herufi nene: PERSONNEL PARTICULARS. Mwenyewe alikusudia personal, taarifa zake binafsi. Personnel ni watumishi wa ofisi kwa jumla. Kompyuta haipigi ule mstari mwekundu kwa sababu maneno yote mawili yapo na yameandikwa sawasawa. Haijui ulitaka lipi.

Mimi namwonyesha mteja kabla sijabonyeza printi, hata foleni ikiwa ndefu. Karatasi hiyo itafika mezani kwa mwajiri kabla yake. Sasa tupeane uzoefu: ni jozi gani imewahi kuleta shida kazini kwenu, na mnaitofautishaje?

Mwalimu wa Bahi

Nafundisha Kiingereza sekondari. Watoto wengi wamesoma msingi kwa Kiswahili, wakifika kidato cha kwanza karibu masomo yote yanageuka Kiingereza, hivyo niliacha kuwapa orodha za kukariri. Nawarudisha kwenye lugha wanayoijua. Nauliza: hapo ungesema ushauri au kushauri? Ushauri ni advice, kwa c. Kushauri ni advise, kwa s. Swali hilohilo linabeba na licence na license: leseni yenyewe ni licence, kumpa mtu leseni ni to license. Practice na practise vilevile.

Ila huo ni uandishi wa Uingereza. Wamarekani wanaandika practice kwa c popote na license kwa s popote. Advice na advise ndiyo wanayatenganisha kama sisi. Siku hizi mwanafunzi anasoma sana kwenye simu, anakuja na tahajia ya kule. Simkati alama moja kwa moja. Namtaka achague upande mmoja na akae huko mpaka mwisho wa insha.

Mwanzisha uzi

Asante sana mwalimu, hiyo ya ushauri na kushauri naibandika ukutani kesho.

Rangi na Brashi

Nachora mabango pale Majengo. Kwetu jozi yenyewe ni stationery na stationary. Ya kwanza ni karatasi, kalamu, bahasha. Ya pili ni kitu kilichosimama, hakisogei. Fundi mwenzangu aliandika duka zima kwa A. Mwenye duka alipoambiwa na wateja, ikabidi herufi moja ifutwe. Wasiochora hawajui maana yake: unakwangua, unapiga rangi ya chini upya, unasubiri ikauke, na bado E mpya inang'aa kuliko wenzake waliokwisha kupauka kwa jua. Kila apitaye anaiona. Mimi sasa sianzi kazi ya kuambiwa kwa simu. Andika kwenye karatasi, tusome wote, ndipo nichovye brashi.

Mzee mmoja mstaafu alinieleza kitu nikakipenda: maneno haya ni ndugu wa damu. Zamani Ulaya, muuza vitabu aliyekuwa na kibanda chake cha kudumu, hasa karibu na vyuo vikuu, aliitwa kwa Kilatini stationarius, kumtofautisha na machinga wa kuzunguka. Vitu alivyouza ndivyo vikaja kuitwa stationery.

Kaunta ya Dawa

Naomba niongeze la upande wetu, maana huku hatuongelei alama za mtihani. Majina ya dawa nayo yana majirani. Chlorpromazine ni dawa ya magonjwa ya akili. Chlorpropamide ni dawa ya zamani ya kushusha sukari. Panga rafu kwa alfabeti uone yanavyokaa bega kwa bega. Asiye na kisukari akipewa ya pili, sukari yake inaweza kushuka hadi azimie. Ndiyo maana wengine huandika chlorproMAZINE na chlorproPAMIDE, herufi kubwa pale majina yanapoachana. Marekani mamlaka yao ya chakula na dawa ilianza kuhimiza mtindo huo mwaka 2001. Hydralazine ya presha na hydroxyzine ya mzio, hali ni hiyohiyo. Nilipojifunzia kazi tulizitenganisha rafu kabisa, na anayetoa dawa alisoma jina lote kwa sauti, mwenzake akisikiliza. Nimeendelea hivyo hadi leo, na nawasihi wenzangu wafanye hivyo.

Binti Mpwapwa

Council na counsel. Council ni baraza, kama hili la Jiji la Dodoma. Counsel ni wakili, au ushauri wake. Barua ya madai ikiandikwa kizembe, hujui anayedaiwa ni jiji au ni wakili.

Zabibu Kavu

Na capital? Dodoma ni capital, kwa a. Capitol kwa o ni jengo la Bunge la Marekani kule Washington. Nimeiona kwenye vipeperushi vya wageni.

Wakuu, nisaidieni affect na effect. Bosi anasema effect haiwezi kuwa kitenzi.

Mwalimu wa Bahi

Ndugu yangu, mara nyingi affect ni kuathiri na effect ni athari, ukishika hilo umemaliza sehemu kubwa. Lakini effect kama kitenzi ipo, maana yake kutekeleza au kufanikisha. Barua za benki na za serikali zinaandika "to effect payment", kufanya malipo. Ni sahihi. Ukiibadilisha kuwa affect, umeandika kwamba unaathiri malipo. Mwambie bosi kwa heshima, na barua hiyo iache ilivyo.