Mahekalu ya Misri: masizi yasafishwe au yaachwe?

Mleta mada:
Wakuu, tangu 2018 timu ya Wamisri na Wajerumani inasafisha hekalu la mungu Khnum pale Esna, kusini mwa Luxor. Masizi na kinyesi cha ndege vya karne nyingi vinatolewa, na rangi za kale zinaonekana tena. Wapo wanaolalamika kwamba hekalu linang'aa mno, limepoteza ukale wake. Mimi nasema wasafishe bila kusita.

Ukale huo tumeuzoea kwenye picha. Mpiga picha Maxime Du Camp aliyapiga picha mahekalu ya Nile mwaka 1850, mwenzake Francis Frith akaanza 1856. Kazi zao nazipenda sana, lakini kemikali za enzi hizo zilinasa vizuri mwanga wa buluu, nyekundu karibu hazikuiona. Buluu ikatoka nyeupe, nyekundu ikatoka nyeusi, na dunia ikaamini hekalu ni kitu cha kijivu.

Kumbe waliolijenga walikuwa wanajenga kinamasi! Waliamini nchi kavu ya kwanza iliibuka majini, mafunjo yakaota. Tazama ukumbi mkubwa wa hekalu la Karnak, pale Luxor, nguzo 134. Zile 12 za katikati, zilizopata mwanga wa madirisha ya juu, vichwa vyake ni mafunjo yaliyochanua. Zile 122 za pembeni, gizani, ni mafunjo yaliyofumba. Dari za mahekalu mengi zilipakwa buluu, zikajazwa nyota. Ondoa kijani na buluu, mmea unabaki jiwe.

Mchangiaji wa kwanza:
Nakupinga, mkuu. Masizi hayo ni moshi wa watu waliokaa mle baada ya makuhani kuondoka. Nao ni historia. Nani kasema makuhani wana thamani kuliko wao?

Mchangiaji wa pili:
Leo masizi, kesho ujenzi mpya. 2024 si walitaka kurudishia piramidi ya Menkaure mawe yake ya granaiti, mpaka kamati ya mwanaakiolojia Zahi Hawass ikakataa?

Mleta mada:
Menkaure ni tofauti, ndugu yangu. Pale walitaka kupandisha mawe ambayo hakuna anayejua kila moja lilikaa wapi. Esna hawapaki rangi mpya, wanatoa uchafu tu.

Hoja ya moshi ni nzito, nakubali. Waache kipande cha ukuta na masizi yake, wakiandikie maelezo, mgeni ajue kuna watu waliishi humo. Ila vile vichwa vya nguzo za Esna vyenye mitende na zabibu, nisingeacha hata kimoja na masizi.