Sanamu ya kuvutia bata mzinga: jike, dume changa au dume aliyetanua mkia?

BabaZawadi: Ndugu zangu, salaam. Msimu wa kuwinda bata mzinga unakaribia na mfuko wangu unatosha sanamu moja tu. Dukani nimeona ya jike, ya dume changa na ya dume mkubwa aliyetanua mkia. Ipi huwavuta zaidi?

Mkongwe_wa_Pori: Hujasema uko jimbo gani, unawinda shamba la mtu au ardhi ya umma, wala silaha yako ni ipi. Ukiwa Alabama, sanamu haziruhusiwi katika siku 10 za mwanzo za msimu wa masika.

Shaba_Lubumbashi: Nunua jike. Dume mkubwa wa plastiki huwatimua madume wa miaka miwili, ambao wameshapigwa na wakubwa wao na hawataki ugomvi mwingine, ilhali jike hamtishi yeyote.

Kanga_Mweusi: Sikubaliani na kaka Shaba. Dume mzee hawezi kuvumilia kumwona kijana karibu na jike. Weka sanamu ya dume changa yadi 20 kutoka ulipoketi, uso wake ukikuelekea wewe, kwa kuwa mgeni humzunguka ili amkabili uso kwa uso. Hapo atakupa mgongo, na mkia wake uliotanuka utamzuia kukuona unapoinua bunduki.

BabaZawadi: Samahani, wakubwa. Niko Kentucky, ardhi ya umma, na bunduki ni ya marisau, geji 12.

Mkongwe_wa_Pori: Ardhi ya umma! Basi nisikilize. Miaka minne iliyopita niliketi nimeegemea mwaloni kabla jua halijachomoza, na yadi 18 mbele yangu nilikuwa nimesimamisha dume mwenye mkia wa manyoya halisi. Niliigiza sauti ya jike mara tatu, nikasikia majani makavu yakikanyagwa ng'ambo ya sanamu, nikajua riziki imefika. Kumbe ni mtu anatambaa kwa magoti. Sikupunga mkono, kwa sababu mwindaji mwenye pupa hupiga kila kinachotikisika, nilipaza sauti, na kilichonitoka kinywani kilikuwa Kiswahili: "Kuna mtu hapa!" Alikuwa ameshafyatua. Sanamu ilipinduka, na marisau yakachuna gamba la mti juu kidogo ya kofia yangu. Tangu siku hiyo sibebi dume katika ardhi ya umma, na hata jike humtia katika mfuko wa rangi ya chungwa ninapotembea, ili wawindaji wengine wanione.

Shaba_Lubumbashi: Pole sana, mzee. Ila kosa si la sanamu. Kentucky masika huruhusu kupiga madume tu, au bata mzinga mwenye ndevu za kifuani (kishungi cha manyoya kama nywele) zinazoonekana, na yule bwana hakungoja hata kumwona ndege vizuri.

Kanga_Mweusi: Kwetu Kakamega babu alitundika vitundu vya kware juu ya mti mrefu, wakawaita wenzao alfajiri. Hapakuwa na plastiki.

Shaba_Lubumbashi: Kaka, huku Marekani kutumia ndege hai kuwavuta bata wa majini kumepigwa marufuku tangu 1935. Turudi kwenye sanamu.

BabaZawadi: Mzee amenitia hofu, naelekea kwa jike. Je, ninunue ya povu inayokunjwa, au ya kupuliza hewa?

Kanga_Mweusi: Ya hewa hucheza vizuri kwa upepo mdogo, lakini mwiba mmoja tu unaimaliza. Bado nasema dume changa.

Mkongwe_wa_Pori: Kutoka gari lako hadi unapokaa ni mwendo wa muda gani?