The Old Maid (1939): msaada wa kuionyesha ukumbini Kisumu

mtazamaji_wa_ziwa (Kisumu)

Wadau, kikundi chetu kinapanga kuonyesha The Old Maid, ile ya Bette Davis na Miriam Hopkins iliyoongozwa na Edmund Goulding. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, dakika 95. Ukumbi uko Milimani, paa la mabati, viti 60, projekta ya kawaida na spika mbili. Watakaokuja wamezoea filamu za Nigeria na tamthilia za Meksiko, kwa hiyo machozi si tatizo kwao. Tatizo ni vita vya watu wengine, magauni mapana na Kiingereza cha zamani.

Naomba msaada wa mambo mawili. Kwanza, watu waambiwe nini kabla taa hazijazimwa, bila kuwaharibia hadithi? Pili, tulipoijaribu, nyuso zilitokea nene kama zimevimba, na manukuu ya Kiswahili tuliyoandika yalianza sawa kisha yakazidi kutangulia mazungumzo. Kufikia mwisho yalikuwa mbele kwa karibu dakika nne. Tumeyarudisha nyuma kwa kibodi, lakini yakikaa sawa mwisho, mwanzo unaharibika.

fundi_picha_58 (Nakuru)

Nyuso kwanza. Filamu za Hollywood za miaka hiyo zina uwiano wa upana kwa kimo wa 1.37 kwa 1, yaani karibu na mraba. Projekta yenu imewekwa 16:9 na inaivuta picha ijaze skrini nzima, kwa hiyo kila kitu kinapanuka kwa asilimia 30 hivi. Ingieni kwenye menyu ya projekta, mtafute sehemu ya uwiano wa picha, muitoe kwenye 16:9 na kuiweka "Auto" au 4:3. Kama mnachezesha kwa VLC, ile programu ya video ya kompyuta, bonyezeni herufi A mpaka iandike "Default". Mtabaki na michirizi miwili myeusi kushoto na kulia. Iacheni. Kuna watakaodai picha imekatwa. Waelezeni kwamba hivyo ndivyo ilivyopigwa. Na msikubali mtu "aikuze" ili michirizi iondoke, maana hapo mtakata vichwa na mikono, na katika filamu hii mikono inasema mengi.

Mkitumia televisheni badala ya projekta, zimeni ule mpangilio wa kulainisha mwendo. Unaifanya filamu ya 1939 ionekane kama taarifa ya habari.

Sasa manukuu. Yangekuwa yanatangulia kwa sekunde zilezile mwanzo hadi mwisho, G na H kwenye VLC zingetosha, kwa kuwa kila mbonyezo unayasogeza kwa milisekunde 50. Yenu yanazidi kukimbia kadiri filamu inavyoendelea, na hiyo ni dalili kwamba kasi ya fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, hailingani. Aliyeyapanga alitumia nakala ya fremu 25 kwa sekunde, ile ya mfumo wa televisheni za Ulaya, ambayo huimaliza filamu kwa dakika 91. Nakala mnayoonyesha ni ya 23.976, dakika 95. Hapo ndipo zilipotoka dakika zenu nne.

Fungueni faili kwa Subtitle Edit, ni programu ya bure. Nendeni kwenye menyu ya usawazishaji, mchague kubadilisha kasi ya fremu, mwandike kutoka 25 kwenda 23.976. Kila muda utazidishwa kwa 1.0427. Mstari uliokuwa dakika ya 10 utachelewa kwa sekunde 25 na kitu, na uliokuwa saa 1 na dakika 20 utaangukia saa 1, dakika 23 na sekunde 25. Hifadhini kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi, kisha mkague sehemu tatu: mwanzo, katikati, na sentensi ya mwisho kabisa. Mwanzo peke yake utawadanganya tena.

Mkiwa humo humo, fupisheni. Mistari miwili kwa wakati mmoja, herufi zisizidi 40 kwa mstari, na maandishi yasikae chini ya sekunde moja na nusu. Maneno yetu ni marefu. "Atakapokuwa ameshaolewa" ikikaa sekunde moja, mtazamaji ataishia kusoma bila kuona uso wa anayesema. Na Tina, yule msichana, anapomwita Charlotte, yule wa Bette Davis, andikeni "Anti" filamu nzima. "Mama mdogo" isitokee hata mara moja, kwa sababu Charlotte hapaswi kuitwa mama kwa namna yoyote ile.

DVD hufungwa kwa kanda za dunia: nakala ya Marekani ni ya kanda 1, na mashine zinazouzwa kwetu ni za kanda 5. Ikikataa kwenye mashine, ijaribuni kwenye kompyuta siku kadhaa kabla, si asubuhi ya onyesho. Kibali cha KFCB, bodi ya filamu ya Kenya, cha onyesho la hadhara pia kishughulikiwe mapema.

mvua_ya_kakamega (Kakamega)

Nijibu la kwanza, maana filamu hii inastahili kupewa nafasi. Imefunikwa na wingi wa mwaka wake. Mwaka huo wa 1939 Bette Davis alitoka katika filamu nne, na iliyompa uteuzi wa Oscar ni Dark Victory, ambayo pia iliongozwa na Goulding. Max Steiner aliyeitungia muziki ndiye aliyeutunga wa Gone with the Wind mwaka uleule. Basi watu wakikumbuka 1939, hii hawaitaji. Kwangu ni mojawapo ya kazi bora za Davis, kwa sababu humu nguvu yake yote anaitumia kujizuia.

Kabla ya kuanza, semeni mambo matatu tu. La kwanza: tuko Philadelphia, Marekani, mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vinaanza. Hiyo inatosha, msiingie kwenye majenerali.

La pili: tangu 1934 studio zilibanwa na kanuni za maadili zilizosimamiwa na ofisi ya Joseph Breen. Mimba nje ya ndoa haikuweza kusemwa waziwazi. Kwa hiyo hadithi itaruka. Charlotte atakuwa na kijana anayeitwa Clem Spender, Clem ataondoka kwenda vitani, halafu ghafla mtamkuta Charlotte analea mayatima wa vita. Asiyeambiwa kwamba pengo hilo ni la makusudi atadhani nakala imekatwa, na atapotea hapo.

La tatu: waombeni wafuatilie nani anaitwa mama na nani anaitwa anti. Basi. Msiseme Tina ni mtoto wa nani, na msiguse mwisho kabisa.

Baada ya filamu ndipo kuna mazungumzo matamu. Anzeni na Delia, yule wa Miriam Hopkins. Watu watamwita mwovu kwa kuivunja harusi ya Charlotte ikiwa karibu kufungwa. Warudisheni nyuma: Clem alikuwa mchumba wa Delia kwanza, na Delia akaolewa na Jim Ralston, mwenye mali. Anapogundua kwamba Charlotte alizaa na Clem, anayoyasema ni ya heshima ya familia, lakini kinachomuuma ni wivu. Hopkins hainui sauti. Anatabasamu, anasaidia, anampa Tina nyumba na jina, na kwa wema huohuo anamchukua mtoto. Ukimcheza Delia kwa ukali, filamu inakufa.

Upande wa Davis, angalieni nguo alizobuni Orry-Kelly. Mwanzo ni magauni mepesi yenye sketi pana. Hadithi ikiruka miaka, shingo imefungwa hadi juu, rangi zimekolea, nywele zimebanwa zikakaza paji la uso. Filamu ilipotoka alikuwa na miaka 31. Vipodozi vinasaidia, lakini uzee wenyewe anauleta kwa mgongo usiopinda na hatua fupi.

Kama kuna tukio moja la kurudia kwa kikundi, ni lile Tina anaporudi usiku na Lanning Halsey, kijana anayempenda, naye Charlotte anamkaripia. Sikilizeni sauti tu, bila kutazama manukuu. Charlotte ameikausha sauti kwa makusudi ili msichana asije akahisi pendo la mzazi ndani yake. Inafanikiwa mno: Tina anamchukia. Anayedai melodrama, yaani filamu ya hisia kali, ni kelele tupu atazamwe usoni wakati huo.

sauti_safi (Kisumu)

Naongeza la mabati. Sauti ya filamu hii ni mono, yaani ya chaneli moja, kwa hiyo spika zote mbili zipewe sauti ileile na zikae mbele, kandokando ya skrini, usawa wa vichwa vya waliokaa. Punguzeni besi chini ya hezi 100, inaleta mvumo tu, na mpandishe kati ya hezi 2,000 na 3,000 kwa desibeli 3 ili konsonanti zisikike. Msizidishe, mkwaruzo wa zamani nao utapanda.

Mvua ikishuka juu ya mabati hakuna spika itakayoshinda. Kwetu mawingu ya ziwani huja mchana na jioni, kwa hiyo anzeni saa nne asubuhi. Saa tano na dakika 35 mmemaliza. Madirisha yazibwe kwa turubai jeusi. Stima ikipotea, projekta ya taa isiwashwe tena mpaka ipoe, la sivyo taa inaweza kupasuka. UPS, ile betri ya akiba, inayobeba wati zake kwa dakika tano inaokoa taa hiyo.

mtazamaji_wa_ziwa (Kisumu)

Asanteni sana. Manukuu yamekaa sawa hadi sentensi ya mwisho. Tuweke mapumziko katikati?

mvua_ya_kakamega (Kakamega)

Ikiwezekana, hapana. Ikilazimu, simamisheni pale miaka inaporuka na Tina anatokea akiwa msichana mkubwa, kabla hajasema neno. Dakika tano, milango ifungwe, na wanaouza chai wasubiri nje hadi mwisho.